Kabare za wenzetu zina mlango, vigodoro vyetu havina

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa maoni ya wasomaji maana nimesoma ile barua ya kaka yetu aliekasirika kuhusu usiku wa kabare (shoo za ukumbini zenye nyimbo na vichekesho) na baleski (kuvua nguo kidogo kidogo kwa mbwembwe) huko Ulaya, zile video zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp za wadada wenye manyoya ya mbuni wanavua glovu taratibu huku watu wazima wanapiga makofi na miluzi, akasema ni laana, ni umalaya uliovalishwa joho la sanaa na eti siku ikifika Dar tumekwisha. Mi nakaa London miaka mingi sasa, kwetu ni Magomeni, nimeolewa, naswali, na hizo shoo nimeenda, mwanangu wa kwa dada ndo alinipeleka. Kwaiyo wacha niseme nilichokiona, kaka yetu asije akaendelea kuhukumu kwa kipande cha video cha nusu dakika.

Ukumbi wenyewe mdogo tu, uko mashariki ya London, meza ndogo ndogo zimebanana mpaka msanii akigeuka vibaya anamwaga juisi yako (na juisi yenyewe ya nanasi bei yake ni ya kuombea mkopo, hilo nalo lisemwe). Mlangoni wanakagua kitambulisho, chini ya miaka 18 huingii hata uje na mama ako mzazi. Alafu mdada wa mlangoni anakuuliza swali ambalo mi sijawahi kuulizwa kwenye ukumbi wowote wa starehe maishani mwangu, kwamba wewe leo unataka ushirikishwe au unataka kukaa zako uangalie? Ukisema unataka kuangalia tu anakubandika stika kwenye nguo, yangu ilikuwa ya bluu, na usiku mzima hakuna msanii alienikalia mapajani wala kuninyooshea maiki. Mwanangu yeye stika aliikataa, akapandishwa stejini akaambiwa aigize kuku anaetaga mbele ya watu wote wale, alirudi kwenye kiti anacheka mpaka kamasi.

Kabla ya shoo kuanza anapanda emsii, yaani mshereheshaji, jibaba lenye ndevu limevaa gauni la kumeta, anazitaja sheria za humo ndani na sisi tunaitikia kwa sauti kama wanafunzi. Ukipenda unachokiona piga kelele, hapo tunapiga kelele. Ukiwa hupendi nenda kaunta. Msanii haguswi mpaka yeye mwenyewe akunyooshee mkono, na hata akikunyooshea unaruhusiwa kukataa. Simu mfukoni. Kulikuwa na kijana mmoja keshakunywa zake akajifanya hajasikia hio ya simu akaanza kurekodi kwa chini chini, basi yule binti ambae kazi yake ni kuokota nguo zinazovuliwa stejini akashuka polepole na soksi kuukuu mkononi akaivalisha ile simu, juu kwa juu, kijana bado ameishika! Ukumbi mzima ukavunjika mbavu na kijana akaiweka simu ndani ya koti mpaka mwisho. Hakuna baunsa aliekuja, hakuna matusi wala ngumi.

Shoo zenyewe nisidanganye, nyingine zilikuwa mbovu. Kulikuwa na mfanya mazingaombwe aliechukua karne kutafuta karata moja, na mwingine wa mashairi ambae hata wazungu wenzake walianza kuongea. Ila yule wa glovu nitamsema. Mdada wa makamo, mwili wake wa kimama kabisa, tumbo lipo na mikono minene, kavaa glovu ndefu za kupanda mpaka juu ya kiwiko. Akamfata mzee mmoja aliekaa na mkewe, akamwomba ruhusa mzee, alafu akamgeukia mke akamwomba na yeye! Mke akakubali kwa madaha yote. Ndo akampa mzee ncha ya kidole cha glovu ashike, mzee akavuta kwa pupa, mdada akaurudisha mkono akamtikisia kichwa kama mwalimu, mzee akaanza upya, kidole kimoja kimoja, ukumbi unahesabu, mpaka ilipotoka yote na mkewe ndo akawa wa kwanza kusimama kupiga makofi. Muda wote huo hakuna kilichovuliwa zaidi ya glovu. Baadae kweli aliendelea, mwisho alibaki na chupi na vile vifuniko vya chuchu vyenye nyuzi za kuzungushwa, sifichi, na kama dini ya mtu haimruhusu kuangalia ni haki yake kabisa abaki nyumbani kwake. Ninachosema ni kwamba ndani ya ule ukumbi mwenye amri alikuwa yule mdada, sisi wote tulikuwa tunafata anavotaka yeye.

Sasa tukija kwenye hili la kwamba haya mambo ni mageni na yameletwa kutuharibu. Hapo kaka yetu naona amesahau ametokea wapi.

Kabare za Paris zilizoanza pale Montmartre, ile Le Chat Noir ya mwaka 1881 ya bwana Rodolphe Salis, hazikuwa za kuvua nguo, zilikuwa za mashairi na nyimbo na kuwapiga vijembe wateja. Jamaa mmoja anaitwa Aristide Bruant alipofungua ya kwake mwaka 1885, Le Mirliton, akawa anawatukana matajiri wanavoingia mlangoni, na matajiri wanarudi kesho yake walipe tena watukanwe tena. Nikisoma hivi naona mipasho mitupu. Mtu aliekaa kwenye taarab ya rusha roho akaona mwanamke ananyanyuka kwenye kiti, anajifunga kibwebwe, anaenda mbele na noti mkononi anamtunza mwimbaji huku jicho liko kwa mke mwenzie aliekaa meza ya tatu, huyo mtu hana cha kufundishwa na mfaransa kuhusu shoo ya kushirikisha watazamaji. Mtazamaji wa pwani ni msanii tangu zamani.

Na zile shoo za vikundi vya sanaa za miaka ya themanini na tisini pale Dar tumezisahau? Muungano, Mandela, baadae TOT ilivoanza mwaka 1992 chini ya Kapteni Komba, wikiendi kwenye mabaa, shoo moja inaanza na ngoma za kienyeji, sindimba, lizombe, wanakuja watu wa sarakasi, ngoma ya nyoka, kichekesho, mwanaume amevaa gauni na matiti ya kanga anaigiza bi mkubwa, linafata igizo, alafu taarab ndo watu wanapagawa. Ukimwonyesha mzungu wa leo atakwambia hio ni kabare bila kubisha. Sisi watoto wa uswahilini tulikuwa tunachungulia ukutani na wengine tunaingizwa na mama zetu kabisa, nani alikuwa anatuzuia.

Hapo ndo penyewe nilipotaka kufika. Mama yangu mdogo alikuwa mnenguaji kwenye kikundi kimoja cha namna hio, sitakitaja. Alikuwa anajua kucheza jamani, kiuno kama hakina mfupa, na watu walikuwa wanamtunza sana. Ila wanaume wengi walikuwa hawaiweki ile noti mkononi, wanataka kuichomeka kifuani, wengine kwenye kiuno kwa ndani. Basi alibuni mbinu yake, akiona mwanaume anakuja na noti anarudisha mabega nyuma na kulipeleka paji la uso mbele, jasho lote lile, noti inanata pale kwenye paji hata mwenye mkono mrefu anakosa pa kupitia. Watu wanashangilia wanaona mbwembwe, kumbe mwenzao anajikinga. Aliecheka zaidi ya wote alikuwa kiongozi wa kikundi, maana noti zote zile zilikuwa zinaishia kwenye mfuko wake, mama mdogo anapewa nauli na chipsi. Na siku aliyompiga mtu kofi kwa kumshika pasipostahili, alieambiwa aombe radhi ni yeye, kwamba anafukuza wateja.

Mwaka jana nilimsimulia kwenye simu ile habari ya glovu na stika, nikadhani atasema astaghfirullah. Aliuliza kitu kimoja tu, na tunzo anachukua nani? Nikamwambia mwisho wa shoo wanapitisha ndoo, emsii anasema mbele ya watu wote kwamba hii ni ya wasanii wanagawana sawa. Akasema mhh, hao wana adabu.

Sasa kaka yetu anapima urefu wa sketi. Na hayuko peke yake, serikali za huko huko Ulaya na Marekani zimepima sketi miaka na miaka. Pale Soho London kulikuwa na Windmill Theatre, kuanzia mwaka 1932 walikuwa na shoo za wanawake watupu kabisa, na mkaguzi wa michezo ya jukwaani wa zama hizo aliruhusu kwa sharti kwamba mwanamke asitingishike, asimame kama sanamu, maana sanamu hata kwenye makumbusho ziko uchi! Kwaiyo pua ikiwasha ndo basi tena. Wakati huo huo wanaume chini kwenye viti walikuwa wanaruka migongo ya viti kwenda mbele kila mtu wa mbele akiondoka, mpaka mbio zile zikapewa jina kama za farasi. Sheria ilimwangalia alie juu ya steji asitikisike, wa chini wakaachwa waruke wanavotaka. New York nako mwaka 1937 meya La Guardia akazinyima leseni kumbi za baleski, hata ilo neno lenyewe likakatazwa kwenye mabango, wachezaji wakakosa kazi, na kuvua nguo kukahamia kwenye vilabu vya usiku. Hata leo hapa Uingereza wanahangaika, kuna sheria ya 2009 inayoziruhusu halmashauri kudai kumbi za burudani ya kingono ziwe na leseni yake maalum, ila ukumbi ukifanya shoo kama hizo si zaidi ya mara 11 kwa mwaka na kila moja ikapishana na nyingine mwezi, haihitaji. Kumi na moja, ya kumi na mbili ndo dhambi!

Kama kuna mtu wa kumwangalia kwenye historia yote hii mi namchagua Josephine Baker, mweusi mwenzetu kutoka St. Louis Marekani aliefika Paris mwaka 1925 ana miaka 19. Mwaka uliofata akacheza kwenye ukumbi wa Folies Bergère amevaa sketi ya ndizi za bandia. Ile sketi mi inanikera mpaka leo, walitaka kuona Afrika yao ya kubuni na wakaipata. Lakini mwaka huo huo mwanamke huyo akafungua klabu yake mwenyewe mjini Paris yenye jina lake. Na aliporudi Marekani akiwa nyota alikataa kupanda kwenye ukumbi unaobagua weusi, mwaka 1951 kule Miami klabu kubwa ikabidi ifungulie watu wa rangi zote la sivyo hachezi. Huyo ni mnenguaji anaeamua nani apite mlangoni! Vita ya pili alibeba siri za wapinzani wa Hitler kwenye karatasi zake za muziki, na mwaka 2021 Ufaransa wakamweka Panthéon wanakowaweka mashujaa wao wakubwa, mwanamke mweusi wa kwanza. Pale kwetu mnenguaji tunamwita changudoa alafu tunamlilia akifa.

Na kabla hamjasema nimenunuliwa na wazungu, wao pia wanaharibu. New York kulikuwa na igizo maarufu ambalo watazamaji wanavaa vinyago wanazunguka vyumba kwa vyumba kuwafata waigizaji gizani, likasifiwa dunia nzima, na mwaka 2018 ziliandikwa habari za waigizaji kusema wamepapaswa na watazamaji. Mtu umemvisha kinyago, hajulikani, taa hafifu, kalipa hela nyingi, anaona kila kitu ni chake. Kwaiyo uzungu wa shoo haumlindi mtu, wala viti vya bei. Kinachomlinda ni kuwepo sheria inayosemwa kwa sauti kabla mziki haujaanza na mtu wa kuisimamia.

Sheria hizo sisi tulikuwa nazo, hii ndo inaniuma. Unyago, ile ngoma ya kuwafunda mabinti, ulikuwa na mlango mkali kuliko wa ukumbi wowote wa London. Mwanaume haingii. Ambae hajachezwa haingii. Kinachofundishwa mle hakitoki nje, na kungwi ndo mwenye neno la mwisho, akisema ngoma isimame inasimama. Bi Kidude alietutoka 2013 alikuwa anafundisha wari vitu ambavyo ukiviandika hapa mhariri utavifuta, na hakuna aliemwita malaya, kwasababu kila mtu alijua ndani ni ndani na nje ni nje. Kukata kiuno hatukuletewa na meli.

Alafu tukautoa ule mlango. Ngoma zile zile za ndani zikatoka barabarani, vigodoro, spika ukubwa wa kabati, usiku kucha, mabinti wenye kanga moja iliyolowa katikati ya mtaa, watoto wa darasa la tatu wako mstari wa mbele, wanaume wamezunguka simu zote juu, mwenye mkono anapitisha, asubuhi video ipo kila mahali na sura ya binti inaonekana vizuri kabisa. Wale wanaorekodi sura zao hazionekani popote. Kila baada ya muda kiongozi fulani anatangaza amepiga marufuku, wanakamatwa mabinti wanapakiwa kwenye difenda, wiki mbili kigodoro kimehamia mtaa wa pili. Baikoko, ngoma ya kukata kiuno ya Tanga, nayo imesemwa weee, na ukisikiliza vizuri wanaosema wote wanaongelea kiuno cha mwanamke, hakuna anaeongelea mkono wa mwanaume wala simu yake.

Nasikia kuna vijana wa sanaa za jukwaani hapo Dar na Nairobi wanatamani kufanya usiku wa kabare wa Kiswahili, wa kushirikisha watazamaji, wenye vichekesho na taarab na sarakasi na kiuno kidogo. Mi naunga mkono na sioni sababu waige manyoya ya mbuni, kanga na kibwebwe vinatosha na vinapendeza zaidi, na kama hawataki kuvua kitu wasivue, ile shoo ya glovu ingeweza kufanywa na mtandio mtu akabaki amevaa vizuri tu na watu wakazimia. Ila waanzie mlangoni. Wamuweke mama mmoja mwenye sura ya kazi, wale wa aina ya mwenyekiti wa vikoba, akague vitambulisho na amuulize kila mtu kama anataka kushirikishwa. Simu ziwekwe kwenye mifuko, asietaka arudishiwe hela yake aende. Emsii aseme sheria kwa Kiswahili cha kueleweka, si lile tangazo la kusomwa haraka haraka, watu waitikie. Na tunzo, hapa nawaomba sana wamiliki wa bendi na vikundi vya taarab pia maana nyie mnafanya kila wiki, wekeni beseni mbele ya steji. Beseni la kawaida tu la kufulia, lipakeni rangi mkitaka. Mtu anatunza anaweka mle, anacheza mbele ya mwimbaji anavotaka, anampiga kijembe mke mwenzie kama kawaida, raha yake haipungui hata kidogo, na kama mnenguaji mwenyewe anataka kupokea mkononi au kwenye paji la uso atainama yeye. Mwisho wa shoo hela zihesabiwe mbele ya wachezaji wote na mgao uwe umeandikwa kabla, nani anapata ngapi.

BASATA, baraza la sanaa la taifa, wao wanasajili wasanii na vikundi, kwenye fomu zao waongeze swali moja la hilo, mnenguaji analipwaje na tunzo ni ya nani. Mhariri na gazeti lako mngeweza kwenda kuwauliza wamiliki wa kumbi swali hilo hilo, ijumaa moja tu, muende ukumbi kwa ukumbi muandike walichojibu, mi nitanunua nakala hata ya kutumiwa kwa posta.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa Magomeni, London
(jina limehifadhiwa)